KULINGANISHA SIFA KATIKA KIINGEREZA

Katika Kiswahili twasema, "Juma ni mrefu kuliko Ali," na neno "mrefu" halibadiliki. Kiingereza sivyo: neno la sifa lenyewe hutiwa mkia.

Vikilinganishwa vitu viwili, neno fupi hutiwa "-er", kisha hufuata "than", yaani kuliko: "tall" huwa "taller than". Vikiwa vitatu au zaidi, na kimoja kimevipita vyote, hutiwa "-est", na "the" hutangulia: "the tallest".

Neno refu, kama "beautiful", halina mkia, bali hutanguliwa na "more" au "most".

Maneno machache hugeuka kabisa: "good" huwa "better", kisha "best", "bad" huwa "worse", kisha "worst".

Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kuchanganya njia mbili. Sisi wenyewe zamani tuliandika "more better" katika barua ya kuomba kazi; barua ikarudishwa ina alama ya wino mwekundu, na kazi tukaikosa. Basi, wasomaji, shikeni njia moja tu. Kutumia mbili pamoja ni kama kuvaa kofia juu ya kofia.