Mapunye yakigeuka jipu, weka wembe chini

Mapunye ni ugonjwa tunaouchekea. Mtoto ana mabaka kichwani, nywele zimekatika, mama anapaka mafuta, basi. Leo naomba tusicheke.

Chukua watoto wa Kibiti na Delta ya Rufiji, kwenye joto na unyevu ambavyo kuvu huvipenda. Kwa wengi mapunye huishia kwenye mabaka tu. Kwa wachache, kichwa huvimba, hulainika na kutoa usaha kwenye vitundu vingi. Wataalamu huita hali hiyo kerioni, neno la Kigiriki lenye maana ya sega la asali. Mrina asali yeyote wa huko angelielewa jina hilo mara moja.

Majirani huanza kunong'ona: mtoto huyu kinga yake imekwisha. Nasema sivyo! Mara nyingi mtoto huyo ni mzima kabisa. Kinga yake imeitambua kuvu na kuishambulia kwa nguvu kupita kiasi, hata ikaunguza mashina ya nywele. Kuvu itokayo kwa ng'ombe, paka au mbwa huamsha sana hasira hiyo. Tangu wafugaji wahamie Rufiji kutoka Usangu mwaka 2006 na 2007, ndama si mgeni kwa watoto wa huko. Simnyooshei mfugaji kidole. Hata paka wa jikoni kwako Dar es Salaam anaweza kuwa nayo. Tena watoto huambukizana kwa vitana, kofia na mashine za kunyolea.

Kosa kubwa ni kulipasua kama jipu. Kupasua hakuiondoi kuvu, bali huongeza kovu, na penye kovu nywele hazioti tena. Dawa ya kupaka pekee haifiki kwenye shina la unywele. Mpeleke mtoto hospitali mapema, apimwe na apewe vidonge. Griseofulvini humezwa kwa wiki 6 hadi 8, na hufyonzwa vizuri ikiandamana na chakula chenye mafuta. Wali wa nazi wa Mrufiji hapo umepata kazi!

Siku za mwanzo za dawa, vipele vya kuwasha vyaweza kutokea mwilini. Wazazi wengine hudhani dawa imemkataa mtoto, wakaiacha. Mara nyingi ni kinga ileile inayoendelea kupigana. Mrudisheni kwa daktari aamue yeye. Msikatize dozi wenyewe.