Kiuno cha Mvuvi

Mvuvi wa Goziba au Bumbire, wilayani Muleba, akishikwa na kiuno baada ya kuvuta nyavu usiku kucha, hufikiri kuvuka ziwa hadi Bukoba akapigwe eksirei. Twasema waziwazi: mara nyingi nauli hiyo hupotea bure. Maumivu mengi ya namna hiyo hayaonekani katika picha, na hupungua katika majuma machache mgonjwa akiendelea na kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi huchelewesha kupona.

Lakini wako wachache ambao kuchelewa kwao ni kupooza. Mganga wa zahanati na aulize: Je, miguu inalegea? Kuna ganzi kati ya mapaja? Mkojo umeziba, au unatoka wenyewe? Aulize pia homa, jasho la usiku na kukonda, kwani kifua kikuu hushika hata uti wa mgongo, nacho hutibika kwa dawa kikigunduliwa mapema. Maswali haya hayahitaji umeme wala mashine.

Aliyeziba mkojo na kulegea miguu hawezi kungoja mtumbwi wa kesho. Wakuu wa wilaya twawauliza: usiku wa leo, boti yake iko wapi, na mafuta anayo nani?