Anayeshika Pesa za Mlangoni: Kazi ya Roger Corman

Watu wakizungumzia filamu hutaja waigizaji, na wakizidi sana humtaja mwongozaji. Mtayarishaji ni jina linalopita haraka kwenye maandishi ya mwisho, wakati watazamaji wameshasimama kutafuta viatu. Msambazaji ndiye asiyekumbukwa kabisa. Lakini hawa wawili ndio wanaoamua kama mwongozaji atapata nafasi ya kutengeneza filamu ya pili. Mtayarishaji hutafuta hadithi, fedha na watu, na hubeba lawama kila kitu kikiharibika. Msambazaji huitafutia filamu kumbi, hulipia nakala na matangazo, kisha hukusanya mapato. Anayezifanya kazi hizi nje ya studio kubwa huitwa wa kujitegemea, na kati ya wote waliozifanya simjui anayefundisha zaidi ya Roger Corman wa Marekani, aliyefariki Mei 2024 akiwa na miaka 98.

Corman alizaliwa Detroit mwaka 1926 na kusomea uhandisi Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1954 muswada wake uligeuzwa filamu, Highway Dragnet, na matokeo hayakumridhisha. Akachukua malipo yake, akaongeza fedha za marafiki, akatengeneza filamu yake mwenyewe, Monster from the Ocean Floor. Ilirudisha fedha na faida juu. Hapo ndipo alipogundua tatizo lililomwandama miaka yote iliyofuata: faida ilikuwepo, ila ilichelewa mno kumfikia.

Ili kuona sababu, tufuate fedha kutoka dirisha la tiketi. Tuchukulie kwamba filamu imeingiza shilingi milioni 10. Mwenye ukumbi huchukua fungu lake kwanza, mara nyingi karibu nusu, kwa hiyo zimebaki milioni 5. Msambazaji hukata ada, tuseme asilimia 30, yaani milioni 1.5. Kisha hujirudishia gharama za nakala, mabango na matangazo, tuseme milioni 2. Mtayarishaji amebakiwa na milioni 1.5, na waliomkopesha wanamsubiri mlangoni. Fedha hiyo yenyewe huja kwa mafungu, baada ya miezi mingi, kwa hesabu iliyoandikwa na mtu mwingine. Aliyeibeba kazi tangu siku ya kwanza ndiye anayelipwa wa mwisho. Mtayarishaji asiye na akiba hutengeneza filamu moja, akakaa mwaka mzima akisubiri, na wengi hawarudi tena kazini.

Filamu iliyofuata, The Fast and the Furious, ilitakiwa na kampuni kubwa zilizoweza kuifikisha mbali. Corman aliipeleka kwenye kampuni changa ya James Nicholson na Samuel Arkoff, ambayo baadaye iliitwa American International Pictures. Aliwapa sharti moja: wamlipe fedha ya awali anapokabidhi filamu, na wakubaliane kwa filamu kadhaa, isiwe hiyo moja tu. Hilo lilimwezesha kuanza kazi nyingine hapo hapo bila kusubiri hesabu za kumbi. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una uzito kuliko filamu yoyote aliyoiongoza. Waliowaendea wakubwa walipata sifa. Yeye alipata mtaji unaozunguka.

Ubahili wake umesimuliwa sana, nami sitaurefusha. Alizoea kutumia mandhari yaliyojengwa kwa filamu nyingine kabla hayajabomolewa. The Little Shop of Horrors ya 1960 ilipigwa picha kwa siku mbili na usiku mmoja tu, kwa njia hiyo hiyo. Lakini filamu hiyo ina funzo jingine ambalo wasimulizi wengi huliruka. Kwa kuwa hakuitarajia kuishi muda mrefu, hakuiwekea ulinzi wa hakimiliki, ikawa mali ya umma. Mwaka 1982 hadithi yake iligeuzwa tamthilia ya muziki jijini New York na kupendwa mno, na mwaka 1986 tamthilia hiyo ikawa filamu ya gharama kubwa. Ile ya kwanza, wakati huo, iliweza kunakiliwa na kuuzwa na yeyote. Thamani ya filamu haijulikani siku inapomalizika, na ndiyo maana karatasi za haki hazina budi kushughulikiwa kwa uangalifu ule ule hata kwa kazi ndogo.

Mwaka 1962 alitoa The Intruder, kuhusu mchochezi wa kizungu anayefika mji wa Kusini mwa Marekani kuwapandisha watu hasira ili watoto weusi wasisome pamoja na weupe. Wafadhili waliikataa, hivyo Roger na mdogo wake Gene wakaweka fedha zao. Ni filamu jasiri na bado inauma. Ilipotoka haikurudisha gharama. Tangu hapo Corman alishika kanuni ya kuweka burudani juu na ujumbe chini yake. Mimi naihuzunikia kanuni hiyo, kwa sababu ilitunyima filamu nyingine za aina ile kutoka kwa mtu aliyekuwa na moyo wa kuzitengeneza.

Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 alichoshwa na jambo jingine. American International ilikuwa inakata na kubadilisha kazi zake baada ya kuzikabidhi. Mwaka 1970 akaanzisha New World Pictures, kampuni inayotengeneza na kusambaza. Sasa aliingia kwenye elimu ngumu zaidi, ya kuwadai wenye kumbi. Mwenye ukumbi hana haraka ya kumlipa msambazaji ambaye hatamhitaji tena. Humlipa mapema yule ambaye wiki chache zijazo atakuwa na filamu nyingine ya kujaza viti. Kwa hiyo msambazaji mdogo lazima awe na mfululizo wa filamu mwaka mzima, na hapo ndipo wengi hufilisika: wana filamu moja nzuri, hawana ya pili ya kuisukuma ya kwanza.

New World ilijaza mfululizo huo kwa filamu za bei rahisi za manesi, magereza na magari. Kisha Corman akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia kwake. Alichukua haki za kusambaza Marekani filamu ya Ingmar Bergman wa Sweden, Cries and Whispers, ambayo wengine hawakuitaka. Iliteuliwa kuwania Oscar katika vipengele vitano, kikiwemo cha filamu bora, ikashinda tuzo ya upigaji picha. Corman aliipeleka mpaka kwenye viwanja vya sinema za magari, kama ile ya Msasani ambayo wakazi wa zamani wa Dar es Salaam wanaikumbuka. Watu wa familia za kawaida wakamtazama Bergman wakiwa ndani ya gari. Amarcord ya Federico Fellini, Dersu Uzala ya Akira Kurosawa na The Tin Drum ya Volker Schlöndorff zilipitia mikononi mwake pia, na zote tatu zilishinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni.

Hakupatia kila mara. The Harder They Come ya Jamaika, iliyomtangaza Jimmy Cliff kwa ulimwengu, ilisambazwa Marekani na New World mwaka 1973 kwa matangazo yaliyoiuza kama filamu ya mapigano, nayo ikadorora. Watazamaji wake walikuwa kwingine: vijana wapenda muziki, waliokuja kuzijaza kumbi za usiku wa manane kwa miaka. Filamu ilikuwa ile ile. Msambazaji alikuwa amebisha hodi nyumba isiyo yake.

Orodha ya waliojifunzia kazi kwake ni ndefu: Francis Ford Coppola, Jonathan Demme, Ron Howard, James Cameron. Martin Scorsese aliongoza Boxcar Bertha ya 1972 chini yake. Aliwalipa kidogo na kuwapa majukumu makubwa kabla hawajastahili kwa umri. Hii haikuwa hisani tupu, maana naye alifaidika. Lakini uwezo wake wa kuwapa nafasi uliongezeka alipokuwa na New World, kwa sababu hapo hakuhitaji ruhusa ya msambazaji. Akademi ya Filamu ya Marekani ilimpa Oscar ya heshima mwaka 2009. New World aliiuza mwaka 1983 kwa dola milioni 16.5, na muda si mrefu akagombana na wanunuzi wake juu ya usambazaji wa filamu zake mpya, akalazimika kuanzisha kampuni nyingine ya kusambaza.

Nayaandika haya kwa ajili ya vijana wetu. Kwa miaka mingi watayarishaji wengi wa Bongo Movie waliuza filamu pamoja na haki zake zote kwa malipo ya mara moja, wakabaki wakizitazama zikiuzwa mwaka baada ya mwaka bila senti kuwarudia. Enzi ya kanda na DVD imepita. Leo wanaonunua ni vituo vya televisheni na mitandao ya kutazamia filamu, ila mkataba ni ule ule na kalamu ni ile ile. Kabla hujasaini, uliza haki hizi ni za muda gani, za nchi zipi, na za njia zipi za kuonyesha. Uliza gharama gani zitakatwa kabla yako na ukomo wake ni upi. Uliza utaletewa hesabu kila baada ya miezi mingapi, na kama una haki ya kuzikagua. Asiyekubali kukujibu hayo kwa maandishi, usimkabidhi filamu yako.