BROOME: MJI WA WAPIGA MBIZI

Katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Australia, mbali na miji mikubwa, uko mji wa Broome, uliotangazwa rasmi mwaka 1883. Wageni huenda kuuona ufuo wa Cable Beach, miamba myekundu, na mbalamwezi ing'aayo juu ya matope maji yakupwapo, hata ikafanana na ngazi ya kupandia mwezini. Hatuwalaumu, uzuri ni wa kila mwenye macho.

Lakini twauliza: ni nani aliyeujenga mji huu? Utajiri wake ulikuwa magamba ya chaza, yaliyochongwa vifungo vya nguo. Wa kwanza kuzamishwa walikuwa wenyeji wa nchi, wengi kwa kulazimishwa, hata wanawake waja wazito. Wakafuata Wajapani, Wamalai na wengineo. Sheria ya mwaka 1901 iliwafungia mlango wasio Wazungu, ila wazamiaji wakaachiwa, kwani pasipo wao hapakuwa na faida. Hata hivyo, katika sinema ya Sun Pictures, iliyofunguliwa mwaka 1916, walitengewa viti vyao mbali na Wazungu.

Vifungo vya plastiki viliivunja biashara hiyo katika miaka ya 1950, zikaja lulu za kufugwa. Yamebaki makaburi ya Wajapani zaidi ya 900. Wengi wao walikufa kwa tufani, au kwa maradhi yampatayo mzamiaji apandapo juu kwa haraka.

Basi mgeni na aanze makaburini, ndipo aende ufuoni. Wazee walisema, mtaka cha mvunguni huinama. Huko Broome aliyeinama siye aliyekipata.