Wimbi Moja, Kazi Mbili: Rada, Mawasiliano na Istilahi za Kiswahili

Mwaka 2023 Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano uliorodhesha kuhisi na kuwasiliana kwa pamoja miongoni mwa matumizi sita ya kizazi cha sita cha simu. Humo, wimbi linalobeba ujumbe ndilo pia linalopiga kitu na kurejesha mwangwi, kama rada. Ili kitu kionekane vyema, nguvu huelekezwa kwacho. Na kitu hicho, kwa mfano ndege isiyo na rubani, chaweza kuwa ndicho mdukizi. Dawa mojawapo ni kukirushia kelele za makusudi, zisizomfikia mpokeaji halali: humziba mdukizi masikio, ilhali mwangwi wake hurudi vilevile. Kwa mwanaistilahi, “kusikia” hakufai hapa, maana Kiswahili husikia sauti, harufu na hata baridi. Afadhali rada “ihisi”, mdukizi “adukize”.