Moyo Ukisimama Kazini: Fedha Ziende Wapi Kwanza?

Ndugu wafanyakazi, mwenzetu akianguka, hajibu wala hapumui kawaida, tujue moyo umesimama. Tuite msaada, tumbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika.

Je, utaalamu wa gharama kubwa huokoa zaidi? Huko Ontario, Kanada, miji 17 ilikuwa tayari na mashine za kushtua moyo kwa umeme. Ikaongeza wahudumu wa kutia mpira wa hewa kooni na kudunga dawa mshipani. Matokeo yalitangazwa 2004: waliotoka hospitali wakiwa hai walibaki kama 5 katika kila 100. Waliookoka zaidi ni waliobonyezwa kifua mapema na waliofikiwa upesi na mashine.

Basi katika mapatano na mwajiri, tudai kwanza mafunzo kwa kila zamu.