Flashi mchana wa jua kali? Naam, tena ndipo inapohitajika

Je, msomaji, umewahi kufungua albamu ya harusi ukakuta gauni la bibi harusi linang'aa kama theluji, lakini uso wake ni kivuli kitupu? Wengi hulaumu kamera. Wengine, kwa masikitiko, hulaumu weusi wa ngozi yao. Wa kulaumiwa hasa ni jua la saa sita, na dawa yake ni taa ndogo inayotosha kiganjani.

Kitengela na Kajiado hazifiki digrii 2 kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Machi na Septemba, jua la adhuhuri hupita karibu kabisa na utosi. Nuru hiyo huangaza paji la uso na pua, macho yakabaki mashimo meusi. Kivuli cha mgunga nacho hakisaidii sana, kwani hutoboka-toboka na kuutia uso madoadoa.

Kamera ikiachiwa ijiamulie, hupima nuru kwa wastani. Ikiona gauni jeupe na anga pana, hupunguza nuru yote. Uso ndio unaoumia.

Mpiga picha stadi hufanyaje? Kwanza, huwasimamisha watu migongo ikielekea jua ili wasikunje macho. Pili, hupima nuru ya anga. Kwa jua kali na ISO 100, shata ya 1/200 ya sekunde na tundu la lenzi la f/11 ni mwanzo mzuri. Shata ikizidi 1/250, kamera nyingi haziendi sambamba na flashi ya kawaida, na sehemu ya picha hukosa nuru ya flashi. Mwisho, flashi hujaza uso nuru.

Flashi ikikaa juu ya kamera, jasho na ushanga humetameta ovyo. Heri msaidizi aishike pembeni, juu kidogo ya macho, iwashwe kwa kifaa cha redio. Mwavuli mweupe hulainisha nuru, lakini upepo wa nyanda hizi huangusha mwavuli pamoja na stendi yake. Na umbali je? Ukiisogeza kutoka mita 2 hadi mita 4, nuru inayomfikia mtu hubaki robo tu. Kwa hiyo isogee karibu. Betri za akiba ni lazima, kwani mchana flashi hufanya kazi kwa nguvu nyingi.

Asiye na flashi ashike karatasi nyeupe ya manila chini kidogo ya kifua, irudishe nuru ya jua usoni.

Haya si mambo ya urembo tu. Mzee anapoaga dunia, familia nyingi hupekua albamu na kukata uso wake katika picha ya harusi ya mwanawe. Ndiyo inayowekwa mbele ya jeneza na kupelekwa gazetini. Uso uliomezwa na kivuli siku ile, nani ataurudisha?

Basi, kabla ya kulipa arubuni, mwambie mpiga picha akuonyeshe picha za watu alizopiga saa sita mchana. Muulize kama ana flashi na betri za akiba. Na siku ya sherehe, mpe nyanya na babu dakika 2 kila mmoja, peke yake, kabla ya chakula kupakuliwa.